Gauni jeupe la harusi: lilianzia wapi, na namna ya kuchagua weupe unaokufaa

Kila msimu wa harusi mabishano ni yale yale: nani anastahili gauni jeupe. Mwenye mtoto anakatazwa na mashangazi. Anayebariki ndoa baada ya kuishi na mwenzake miaka kadhaa anaambiwa avae krimu, tena asijifunike shela usoni. Wanaosema hivyo wanaamini wanalinda desturi ya tangu enzi na enzi, kumbe desturi yenyewe haina hata miaka 200.

Tarehe 10 Februari 1840, Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert mjini London akiwa na gauni la satini ya hariri iliyofumwa katika mtaa wa Spitalfields jijini humo, lililopambwa kwa lesi ya aina ya Honiton. Lesi hiyo ilisukwa kwa mkono na wanawake zaidi ya 200 wa mkoa wa Devon. Mashine zilikuwa zimeanza kuwanyang'anya kazi, na malkia alitaka watu waione kazi yao. Kabla yake wapo wakubwa waliovaa nyeupe, kama Mary, malkia wa Scotland, alipoolewa Paris mwaka 1558, ingawa kwa malkia wa Ufaransa nyeupe ilikuwa rangi ya msiba. Mwanamke wa kawaida wa Ulaya aliolewa na nguo yake nzuri kuliko zote, iwe ya bluu, ya kahawia au nyeusi, kwa kuwa angeivaa tena kwa miaka mingi. Nyeupe ilikuwa ya mwenye uwezo, mtu asiyehofia tope wala gharama ya kufuliwa.

Habari ya usafi wa binti ilipata nguvu baadaye. Mwaka 1849 jarida la Marekani, Godey's Lady's Book, liliwaambia wasomaji kwamba tangu zama za kale nyeupe ndiyo rangi impasayo bibi harusi, kwa kuwa ni alama ya usafi wa ujana. Ilikuwa miaka 9 tu baada ya Victoria! Kwa hiyo mwenye mtoto akiipenda nyeupe, avae nyeupe, na asimwombe mtu radhi. Ila baadhi ya makanisa yana kanuni zake za mavazi. Uliza ofisini kabla hujampa fundi malipo ya awali, maana gauni likishakatwa hakuna wa kukurudishia fedha.

Kwingine rangi zina maana nyingine kabisa. Uchina na kwa Wahindu wengi rangi ya bibi harusi ni nyekundu, na nyeupe huendana na msiba. Oman kijani hutawala usiku wa hina. Pwani yetu tuna kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo haikosekani kwenye vitu vya bibi harusi. Doti mpya ya kisutu ifuliwe peke yake kwa maji baridi, tena na tena, mpaka maji yatoke safi. Usiifungashe sanduku moja na gauni jeupe: nyekundu ikichuja, unyevu kidogo tu unatosha kuacha alama ya waridi kwenye pindo.

Sasa weupe wenyewe. Dukani utakuta nyeupe pe, nyeupe ya maziwa na krimu. Hariri halisi kwa asili huelekea krimu; ule weupe wa kung'aa ni wa poliesta, na chini ya taa za bluu za ukumbini hugeuka samawati. Omba vipande vya kila aina, vishike chini ya kidevu karibu na dirisha mchana, kisha virudie usiku chini ya taa. Weka na shati la bwana harusi pembeni. Hapa ndipo wengi huharibu: gauni la krimu kando ya shati jeupe pe huonekana kwenye picha kama limechakaa. Wote wawili wawe weupe mmoja.

Gauni lenye mkia mfupi hula kati ya mita 5 na 7 za kitambaa cha upana wa sentimita 150, na bitana ina hesabu yake. Nunua zote siku moja kutoka jora moja, kwani jora la pili huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo hutokea palepale mikono inapoungana na kifua. Nguo za ndani ziwe za rangi ya ngozi yako. Sidiria nyeupe chini ya lesi nyeupe huonekana waziwazi kwenye ngozi nyeusi.

Hina ipakwe siku mbili kabla, kwa kuwa rangi huendelea kukolea kwa saa 24 hadi 48, na mabaki yote yawe yamekwisha kubanduka kabla hujagusa gauni.

Baada ya sherehe, mpelekee dobi gauni mapema na umwonyeshe palipomwagikiwa soda au juisi hata kama hapaonekani. Sukari ikikauka haina rangi, lakini baada ya miezi hugeuka doa la kahawia lisilotoka. Jiki usiiguse: klorini hula hariri. Usilihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, hasa pwani, maana hufungia unyevu na kuleta ukungu. Lifunge kwa shuka la pamba jeupe lililosuuzwa vizuri, uliweke mbali na ukuta wenye unyevunyevu, na kila baada ya miezi michache ulikunjue na kulikunja upya mahali pengine ili mikunjo isikatike.