Faili za .arj za mzee bado zinafunguka

Kaka, hayo mahesabu ya dagaa ya mzee wako pale Kirumba, Mwanza, yenye .arj mwishoni, hayajafa. ARJ ilikuwa programu ya kubana mafaili enzi za DOS (mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta), miaka ya 1990. Kwanza nakili flopi zote kwenye kompyuta, usifungulie humo humo; flopi ya siku nyingi, tena iliyokaa na unyevu wa ziwani, inaweza kusomeka leo kesho ikagoma. Halafu jaribu 7-Zip, ni programu ya bure na inafungua ARJ. Ukiona na .a01, .a02, hivyo ni vipande vya mzigo mmoja: viweke folda moja, uvifungue kwa ARJ yenyewe ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS. Flopi draivu ya USB unayo lakini?