Je, Kiarabu Kilizaliwa na Kiaramu?

SWALI: Mhariri, mwenzangu katika darasa letu la jioni anashikilia kwamba Kiarabu kilizaliwa na Kiaramu, kwa kuwa herufi zake zilitoka huko. Je, ni kweli? – Msomaji, Pangani, Nairobi

JIBU: Mwenzako amepata kuhusu herufi, lakini nasaba ameikosa. Lugha hizo ni za ukoo mmoja wa Kisemiti, wala hakuna iliyoizaa nyingine. Kiaramu, ambacho Waajemi wa kale walikifanya lugha ya ofisi za himaya yao, kilibaki kuwa lugha ya kuandikia hata baada ya himaya hiyo kuanguka, na Wanabatea wa Petra, mji wa kale ulioko Jordan ya leo, ambao wengi wao walikuwa na majina ya Kiarabu, walikitumia katika sarafu na makaburi yao. Mkazi wa Nairobi hawezi kulistaajabia hilo: shahidi husimulia kwa Kikamba, na ushahidi wake ukaandikwa kwa Kiingereza.

Warumi waliutwaa ufalme wa Wanabatea mwaka 106, lakini mwandiko wa Kiaramu wa Wanabatea, ambao ndio uliozaa herufi za Kiarabu, ulidumu, na Kiarabu kikazidi kupenya ndani yake. Ushahidi unaonivutia zaidi ni maandishi ya mwaka 267 huko Hegra, kaskazini-magharibi mwa Saudia ya leo, yanayosema kwamba kaburi hili Kaab bin Haritha alimtengenezea mama yake, Raqosh binti Abd Manat. Maneno ya “hili” na “binti” ni ya Kiaramu, ilhali kitenzi “alilitengeneza” ni Kiarabu, vyote katika sentensi moja. Jiwe la Namara, kusini mwa Syria, lililochongwa mwaka 328 kwa ajili ya mfalme Imru' al-Qays, ni Kiarabu karibu kitupu, ila “mwana” bado ni bar ya Kiaramu, si ibn. Kwa maoni yangu, wasomaji wake waliiona bar wakatamka ibn.

Herufi 22 za Kiaramu hazikuzitosha konsonanti 28 za Kiarabu, ndiyo maana dal na dhal, au ain na ghain, zina umbo moja na hutofautishwa kwa nukta. Tena, waliosoma madrasa wanaijua herufi waw isiyotamkwa mwishoni mwa jina Amr. Hufundishwa kwamba imewekwa ili jina hilo lisichanganywe na Umar, na kazi hiyo kweli inaifanya. Lakini majina mengi ya Wanabatea yalikwisha kuandikwa na waw hiyo karne kadhaa kabla ya Uislamu, la Kaab wa Hegra likiwa mojawapo.