Boti Ikibadilisha Saa, Tangazo Utalipata Wapi?

Anayesafiri mara kwa mara baina ya Unguja na Pemba anajua kwamba saa iliyoandikwa kwenye tiketi inaweza kubadilika. Kusi likivuma bahari huchafuka, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, na safari husogezwa au husitishwa. Hilo silalamikii hata kidogo. Baada ya kuzama kwa meli za Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, nani kati yetu anataka nahodha alazimishe safari? Ninachotaka ni kwamba tunapoambiwa, tuambiwe pahala tunapoweza kuona.

Mama yangu mdogo anakaa Konde, kaskazini mwa Pemba, na huja Unguja kwa miadi ya hospitali. Kuiwahi boti ya asubuhi katika bandari ya Mkoani humbidi atoke kungali kiza, maana ni kukikata kisiwa kutoka kaskazini hadi kusini. Safari moja alifika bandarini akiwa na mgongo unaomuuma, akaambiwa boti ni kesho. Tangazo lilikuwepo: kampuni iliweka picha kwenye stori ya Instagram usiku. Simu yake ni ya kitochi. Ataionaje? Na hata mwenye simu kubwa, saa 24 zikipita stori imeshaondoka.

Kwa hivyo sasa nikikata tiketi humuuliza karani papo hapo: mkibadilisha saa, mnatangaza wapi? Jibu likiwa la kubabaisha, naomba namba ya ofisi ya bandari atakayoondokea msafiri, si ya makao makuu.

Jambo kubwa zaidi ni namba ya simu tunayoiacha sisi wenyewe. Wengi tunamtuma kijana au tunapitia kwa wakala, na namba inayoandikwa inakuwa ya aliyelipa. Ujumbe ukitumwa, unamfikia mtu aliyelala kwake Mwanakwerekwe wakati msafiri yumo njiani. Andikisha namba ya anayesafiri, au ya mtu wa nyumba hiyo hiyo anayepokea simu usiku. Pia sikiliza utabiri jioni ya kuamkia safari. Ukisikia tahadhari ya upepo, piga simu kabla hujatoka.

Na zile picha zinazosambazwa kwenye makundi ya familia, zikisema "kesho hakuna boti" bila ya tarehe, usiziamini wala usizipeleke mbele. Kesho ya siku gani? Picha ya mwezi uliopita inaweza kumzuia mgonjwa asiende.

Wenye kampuni nao nawaomba hivi. Chagueni ukurasa mmoja, tangazo jipya likae juu kabisa, liwe na tarehe, saa ya zamani na saa mpya. Liandikwe kwa maneno, si picha peke yake, ili mtu akitafuta alipate. La zamani liondosheni. Maneno hayo hayo yabandikwe kwenye dirisha la tiketi Mkoani na Wete kule Pemba, na Malindi ya Unguja, na yasomwe redioni, kwa sababu mashamba redio bado inasikilizwa. Na kwenye tiketi ichapwe namba moja inayopokelewa usiku, maana safari ya alfajiri mara nyingi huahirishwa saa ambazo ofisi zimeshafungwa.