Re: Kwa nini chombo kisikimbilie kituo moja kwa moja?

Salaam ndugu yangu. Umekwama hapa: Soyuz, chombo cha Urusi cha kubeba wanaanga, inafika angani kwa dakika 9 hivi, mbona kukifikia Kituo cha Kimataifa cha Anga kinachoizunguka Dunia ni saa kadhaa? Nafundisha fizikia hapa Tanga, na wanafunzi wangu hukwama papo hapo. Tazama kimo kwanza, mwendo baadaye. Ukisukuma mbele, njia yako inapanda, mzunguko wako wa kuizunguka Dunia unarefuka, unazidi kuachwa na unayemfukuza. Ndiyo yaliyomkuta mwanaanga wa Marekani McDivitt kwenye chombo cha Gemini 4 mwaka 1965: alikielekea kipande cha roketi yake, kikazidi kwenda mbali. Kwa hiyo anayefukuza hubaki chini, ambako mzunguko ni mfupi, ampunguzie mwenzake pengo ndipo apande. Kila mzunguko ni dakika 90 na ushei. Soyuz MS-17, mwaka 2020, ilikifikia kituo kwa mizunguko miwili tu, saa 3 hivi. Safi sana ile!