Anayejua hayupo kwenye raundi

Swali la wiki lilikuwa hili: ni nini hasa kinachozuia watu kusikilizana kazini, na kifanyike nini? Nimesoma majibu ya wenzangu. Wengi wamezilaumu simu za mkononi, wengine wakubwa wakali, na msomaji mmoja kapendekeza semina za mawasiliano kila robo mwaka. Simu sitazitetea. Ila mimi ni muuguzi, nimezeekea wodini, na kikwazo ninachokiona huko ni kingine. Mara nyingi anayelijua jambo hayupo panapoamuliwa, au yupo lakini cheo chake hakimruhusu kulisema likiwa zima.

Nitoe mfano wa wodi ya wazazi. Mama kafanyiwa upasuaji usiku, asubuhi yuko kitandani na dripu mkononi, mpira wa mkojo umeunganishwa na mfuko unaoning'inia ubavuni mwa kitanda. Saa tatu raundi kuu inaingia: daktari bingwa mbele, madaktari wawili nyuma yake, kisha intani, yaani daktari mpya aliye kwenye mafunzo ya kazi, wanafunzi na muuguzi kiongozi mwenye mafaili. Wanazungumza Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili. Faili linasema mkojo unatoka vizuri, maana ndivyo ilivyoandikwa usiku. Wanamuuliza mama kama ana maumivu, anasema kidogo, wanasonga kitanda kinachofuata.

Mhudumu wa wodi wakati huo amesimama mlangoni na ndoo yake, kwa sababu raundi ikiwa inaendelea hakuna anayepiga deki. Raundi ilipotoka akanifuata. "Sista, yule mama wa dirishani, mfuko wake tangu alfajiri haujafika hata nusu kikombe." Yeye ndiye anayeimwaga ile mifuko, kwa hiyo anajua kila mmoja umejaa kiasi gani kuliko karatasi yoyote. Nikaenda kuangalia. Mpira ulikuwa umejikunja chini ya paja la mgonjwa. Ukanyooshwa, mkojo ukashuka, basi.

Safari hiyo ulikuwa mpira tu. Lakini mkojo ukipungua baada ya upasuaji unaweza kuwa dalili ya damu inayovujia ndani, au figo zinazoanza kushindwa, na msafara mzima wa makoti meupe ulikuwa umepita hapo na kuondoka. Nilimuuliza mhudumu mbona hakusema wakati ule. Akanijibu, "Ningesemaje, sista? Mnaongea Kiingereza chenu, mimi nina dekio mkononi."

Jibu hilo ndilo jibu langu kwa swali la wiki. Mengine ninayoongeza ni maelezo.

Wodi yetu ina jambo moja dogo ambalo wageni huliona haraka kuliko sisi wenyeji. Mhudumu mwenye umri wa mama mzazi humwamkia intani shikamoo, na intani huitikia marahaba bila hata kugeuza shingo. Umri haukuamkiwa pale, kimeamkiwa cheo. Sasa mtu aliyekwisha kukuamkia hivyo asubuhi, utamtarajia saa tatu akukatize mbele ya wanafunzi wako akuambie kwamba hujaangalia mfuko wa mkojo?

Silaumu heshima. Bila heshima wodi haikaliki. Ninachosema ni kwamba taarifa ikipanda ngazi inapungua uzito kila kidato. Mhudumu anamwambia muuguzi, "Mama yule anazidiwa." Muuguzi anampigia intani, "Daktari, naona kama mgonjwa hajatulia, sijui utapata nafasi ya kupita?" Intani naye anampigia bingwa usiku wa manane, huku akiogopa kumwamsha bure: "Anaendelea vizuri, ila presha imeshuka kidogo." Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja kaacha tu nafasi ili mkubwa asione anafundishwa kazi. Bingwa, kwa maneno aliyoyasikia, ana haki kabisa ya kugeukia upande wa pili akalala.

Tumelelewa na methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wodini anayevunjika guu ni mgonjwa, na mara nyingi ni kwa sababu mkuu hakusikia la mdogo.

Watu wa ndege walilijua hili kabla yetu, na walilijua kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife katika Visiwa vya Kanari, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, na ukungu umetanda hazionani. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alikuwa mkufunzi mwandamizi wa shirika lake, mtu ambaye marubani wenzake walipimwa naye. Aliondoa ndege bila kibali cha kuruka. Mnara ulimwambia asubiri, lakini maneno hayo yaligongana redioni na ya ndege ya Pan Am iliyokuwa ikisema kwamba bado iko njiani, na kilichosikika upande wa KLM zaidi ya "sawa" ni mlio tu. Injinia wa ndege hiyo, wa cheo cha chini kati ya wale watatu mbele, akashituka. Akauliza kama ile Pan Am imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Injinia hakurudia tena. Sekunde chache baadaye ndege ziligongana, wakafa watu 583.

Mtu anaweza kusema tatizo lilikuwa redio. Redio ilichangia, na ukungu pia. Mimi nimekwama kwa yule injinia. Alikuwa na wasiwasi sahihi, akausema kwa wakati, na akausema kama swali, jinsi ninavyouliza mimi "sijui utapata nafasi ya kupita?" Swali la mdogo likijibiwa kwa uhakika na mkubwa huwa limekwisha.

Baada ya hapo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza na wasaidizi kupinga, na maagizo ya mnara yakawa hayajibiwi kwa "sawa" tu, bali sehemu zake muhimu zinarudiwa kwa sauti na aliyeyapokea. Hospitali tulichelewa. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, ikajaribiwa katika hospitali nane za miji minane. Mji mmoja ulikuwa Ifakara, hapa kwetu Tanzania, mkoani Morogoro. Nyingine zilikuwa London, Toronto, New Delhi na kwingineko. Katika hospitali hizo zikijumlishwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Orodha yenyewe ina mambo 19, na mengi ni ya kawaida: dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa, gozi na sindano zimehesabiwa. Linalonivutia ni lile la kabla ya kisu kugusa ngozi. Kila aliye chumbani anataja jina lake na kazi yake. Kisha daktari wa upasuaji, mtu wa dawa ya usingizi na muuguzi, kila mmoja kwa zamu anasema ana wasiwasi gani. Kwa hiyo muuguzi hahitaji ujasiri wa kumkatiza mtu. Zamu yake imefika, anasubiriwa, na akinyamaza ndiyo anaonekana hajafanya kazi.

Halafu kuna upande wa pili, ambao wapenda semina hawautaji. Jimbo la Ontario huko Canada lilizitaka hospitali zake zitumie orodha hiyo hiyo. Watafiti walipolinganisha kabla na baada katika hospitali 101, matokeo yaliyochapishwa 2014 hayakuonyesha vifo kupungua kwa kiwango cha kuzingatiwa. Watu wamebishana sana kwa nini. Mimi nina dhana yangu, kwa kuwa nimeshaona karatasi hiyo ikijazwa tiki zote na mtu mmoja aliyekaa pembeni, mgonjwa akiwa tayari ameshafunguliwa tumbo. Karatasi imejazwa kikamilifu na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Ndiyo maana semina hazinishawishi. Nimehudhuria nyingi. Mgeni rasmi anafungua, anasisitiza umuhimu wa mawasiliano, anapigwa picha ya pamoja, anaondoka kwenye kikao kingine. Tunabaki sisi wa chini tunafundishwa namna ya kusema, wakati aliyepaswa kufundishwa kusikiliza kashapanda gari. Ukitaka kujua taasisi inamwona nani kuwa ndiye tatizo, angalia nani anabaki hadi chai ya saa kumi.

Kilichosaidia kwetu ni vitu vidogo visivyo na bajeti. Zamu tunakabidhiana kitandani kwa mgonjwa, wala si mezani, ambapo anayetoka anasoma daftari haraka haraka huku roho iko kituo cha daladala. Ukiwa kitandani, mfuko wa mkojo unauona na mgonjwa mwenyewe anakusahihisha. Agizo la dawa kwa simu linarudiwa: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na daktari hakati simu mpaka alisikie likirudi. Mwanzoni baadhi yao walichukia, wakidhani tunawafanyia mtihani. Kundi letu la WhatsApp tumelibakizia ratiba na misiba, kwa sababu tiki mbili za bluu hazimaanishi kwamba mtu ameelewa.

Na raundi. Daktari wetu mmoja sasa akifika kila kitanda anaanza na mhudumu, kwa Kiswahili, kabla faili halijafunguliwa: "Mama, huyu kaamkaje?" Anauliza hivyo kila kitanda, hata pale ambapo jibu ni "kaamka vizuri, kamaliza uji wake." Hilo ndilo lenye kazi, kwa maana akiuliza siku za mashaka tu, kusema kunarudi kuwa ushujaa. Wiki za mwanzo wahudumu walikuwa wakijibu "salama" na kuangalia chini. Siku hizi mmoja wao amefikia kumwambia, "Daktari, huyo wa katikati umemruka."

Raundi inachukua muda mrefu kidogo kuliko zamani, na madaktari wengine bado wanaona ni kupoteza wakati. Wao wanaendelea na utaratibu wa kale, mhudumu mlangoni na ndoo yake. Bado hatujakubaliana.

Muuguzi, Mbeya