Amin alikuwa kichaa, au alikosea hesabu?

Swali: Nasoma uhusiano wa kimataifa mwaka wa pili. Tunafundishwa kuwa viongozi hupima faida na hasara kabla ya kuingia vitani. Nilipomtaja Idi Amin, rais wa Uganda ambaye jeshi lake lilivamia Kagera nchini Tanzania mwaka 1978, darasa zima lilicheka: yule alikuwa kichaa, wakasema. Tunapimaje kama uamuzi wa vita ulikuwa na mantiki? Msomaji, Mwanza.

Jibu: Neno kichaa liweke kando kwanza. Linakupa jibu kabla hujatazama chochote. Usihukumu kwa matokeo pia: mlevi aliyeendesha gari akafika kwake salama bado aliamua vibaya. Tazama kiongozi alitaka nini, alijua nini, nani alithubutu kumpinga, na kama aligeuka hali ilipobadilika.

Oktoba 1978 jeshi la Uganda lilikuwa linameguka. Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, alikuwa ameumia katika ajali ya gari mwezi Aprili, na wafuasi wake jeshini waliitilia shaka ajali hiyo. Vikosi vikaasi. Hadi leo simulizi zinapingana kuhusu nani alivuka mpaka kwanza na kwa amri ya nani, lakini vita vya nje vilimfaa mtu ambaye kiti chake kilikuwa kinatikisika. Hayo ni mahesabu ya Amin, si ya Uganda, na wanafunzi wengi hujikwaa hapo. Aliyekwisha kuona anapoteza kila kitu hukubali kamari ambayo aliyetulia angeikataa.

Hesabu inavunjika mapema Novemba, alipotangaza kuwa ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini mwa mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda. Uvamizi angeweza kuwatupia askari watovu wa nidhamu. Tangazo la kutwaa ardhi halikumwachia Nyerere pa kupita. Amin alipotangaza katikati ya mwezi kwamba anaondoa majeshi, Nyerere alikuwa ameshalihutubia taifa tarehe 2, ile hotuba ya kwamba tunao uwezo, sababu na nia ya kumpiga.

(Wengi hupenda kutaja pendekezo lake la kupigana ngumi na Nyerere, Muhammad Ali akiwa refa. Mimi silihesabu kama ushahidi wa wazimu. Ule ulikuwa mchezo wa jukwaani, na Amin aliujua vizuri.)

Ushahidi mzito zaidi ni wa mwaka uliotangulia. Februari 1977, chini ya utawala wa Amin, waliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Baada ya hapo, ofisa gani angesimama mbele ya Amin aseme jeshi letu haliwezi vita hii? Kwa maoni yangu kasoro ilikuwa hapo zaidi kuliko kichwani mwake: alikuwa amewanyamazisha watu ambao wangemwambia ukweli, kisha akaamua kwa kutegemea habari za waoga.

Ukiandika insha yako, maswali hayo hayo muulize Nyerere pia. Lengo lake lilianza kuwa kumtoa mvamizi, likaishia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na gharama yake ikaangukia uchumi ambao tayari ulikuwa dhaifu. Usimruke kwa sababu tu tulishinda.