Maswali na majibu: kupaki katikati ya magari mawili

Maswali ya safari hii, yaliyotoka Dar es Salaam, karibu yote yanazunguka jambo moja: kuingia kinyumenyume kwenye nafasi iliyo kati ya magari mawili pembeni ya barabara. Majibu yote ni kwa usukani wa kulia na ukingo ulio kushoto.

Nina leseni mwaka wa pili sasa. Naendesha gari dogo, Toyota IST, kutoka Tabata hadi Posta kila siku, lakini nikiona nafasi barabara ya Samora katikati ya magari mawili naipita tu. Nianzie wapi? (Tabata)

Anza na nafasi yenyewe. IST ina urefu wa karibu mita 3.85. Anayejifunza anahitaji nafasi yenye urefu wa gari lake mara moja na nusu, kwa hiyo wewe tafuta mita 5.8 hivi, sawa na hatua nane za mtu mzima. Ukishazoea, urefu wa gari na mita moja na ushee juu yake zitakutosha. Ikipungua hapo, achana nayo bila aibu.

Washa indiketa ya kushoto mapema, ipite nafasi, kisha simama sambamba na gari lililo mbele ya nafasi, ukiliacha umbali wa sentimita 70 hadi mita moja. Bampa yako ya nyuma iwe usawa na bampa yake ya nyuma. Wengi wamefundishwa kulinganisha kioo kwa kioo. Hiyo inafaa pale tu magari mawili yanapolingana. Jirani yako akiwa Noah ya mita 4.6, ukilinganisha vioo utaanzia mahali pasipofaa na mkia utaukata kabla ya wakati. Linganisha mikia, vioo viache.

Tia rivasi. Tazama kulia, nyuma na kushoto. Achia breki kidogo gari lianze kutambaa, ndipo ukate usukani wote kushoto. Kwa magari mengi madogo ni kama mzunguko mmoja na nusu. Sasa macho yaende kwenye kioo cha kulia. Mwanzo utaona barabara tupu, kisha itatokea taa ya kulia ya gari la nyuma, kisha namba yake, kisha taa yake ya kushoto. Taa zote mbili zikiwa ndani ya kioo, simama. Gari lako limelala nyuzi 45 hivi, na hiyo ndiyo alama inayokuokoa na kubahatisha.

Nyoosha usukani, rudi moja kwa moja hadi kioo chako cha kushoto kifike usawa wa bampa ya nyuma ya gari la mbele. Hapo kata usukani wote kulia huku gari likiendelea kutambaa. Pua yako itafagia kuingia ndani, kwa hiyo jicho moja libaki kwenye pembe ya mbele kushoto: ikilikaribia gari la mbele, simama, usijipe moyo. Gari likilala sambamba na ukingo, nyoosha matairi na usogee mbele kidogo ukae katikati. Sentimita 20 hadi 30 kutoka ukingoni zinatosha.

Kosa tunaloliona kuliko yote ni kwamba gari linakwenda haraka na mikono polepole. Igeuze: gari konokono, mikono mbio. Kwa otomatiki usiguse mafuta kabisa, breki peke yake inatosha kuliongoza. Jihadhari na AC pia. Kompresa ikiingia, injini huongeza mzunguko na gari husukuma zaidi bila wewe kuliambia, hivyo mguu usiache breki. Na kandambili zivue, zinanasa kwenye pedali.

Nikifuata hatua zote bado naishia pabaya. Siku nyingine tairi la nyuma linapanda ukingo, siku nyingine nabaki mita nzima barabarani. (Mwenge)

Haya ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina sababu yake.

Tairi likigonga ukingo mapema, wakati pua bado iko barabarani, maana yake ulilala sana, zaidi ya nyuzi 45, au ulirudi moja kwa moja kupita kiasi kabla ya kukata kulia. Ukibaki mbali, basi ulikata kulia mapema mno, au hukulala vya kutosha, au ulianza mbali na gari la jirani. Kumbuka ulipokosea, safari ijayo badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikuponya.

Dawa ya hapo hapo ni kutoka nje na kuanza upya. Tunajua inauma, lakini kuhangaika mbele na nyuma ndani ya nafasi finyu hukusogeza sentimita chache tu kila safari, na usukani ukizungushwa gari likiwa limesimama matairi husagika papo hapo na tai rodi (vyuma vinavyogeuza matairi) hubeba mzigo wote. Kama nafasi ina urefu wa kutosha, sogea mbele ukikata kushoto kisha kulia, halafu rudi nyuma moja kwa moja.

Tairi likishagonga ukingo kwa nguvu, shuka ulitazame ubavuni. Ukiona nundu, nyuzi za ndani zimekatika. Ubavu hauzibwi kiraka, na tairi hilo si la kupeleka barabara kuu.

Wale vijana wanaoelekeza magari Kariakoo niwasikilize? Juzi mmoja kaniambia "kata kulia", nikakata, nikagusa bampa ya mtu. (Ilala)

Wasikilize kwa kitu kimoja: umbali wa nyuma. Usukani ubaki wako.

Tatizo liko kwenye lile neno "kata kulia". Mmoja anamaanisha zungusha usukani kulia. Mwingine, aliyesimama mbele ya gari akikutazama usoni, anamaanisha kulia kwake yeye, ambako ni kushoto kwako. Wa tatu anasema mkia uende kulia. Maneno ni yale yale, na gari linaishia pengine kabisa. Halafu aliye nyuma anaona bampa yako ya nyuma tu, haioni pembe yako ya mbele inayofagia kuelekea gari la mbele. Atakuitia "rudi, rudi, rudi" kwa nia njema kabisa huku pua inakwaruza.

Kwa hiyo shusha kioo, punguza muziki, na umwombe kabla hujaanza: "Kaka, niambie tu ikibaki hatua moja." Asimame kwenye kona ya nyuma upande wa kulia ambako unamwona kiooni. Ukimpoteza kiooni, simama mpaka atokee tena. Akipiga kofi kwenye buti, hiyo ni breki ya papo hapo hata kama hujui kwa nini. Ukimaliza, buku lake mpe, lakini deni la bampa ya mtu litabaki la kwako, maana kisheria na kiungwana aliyeshika usukani ni wewe.

Gari langu lina kamera na sensa. Kuna haja ya kujifunza vioo? (Mikocheni)

Ipo. Lenzi ya kamera ni pana, inafanya vitu vionekane mbali kuliko vilivyo. Kama kamera ilifungwa baadaye na fundi, ile mistari ya rangi huenda hailingani na gari lako hata kidogo. Ipime: weka ndoo nusu mita nyuma ya bampa, uone inaangukia mstari gani. Halafu futa lenzi. Vumbi la wiki moja tu linatosha kuifanya kipofu.

Sensa nayo hutuma sauti na kusubiri irudi. Nguzo nyembamba hurudisha kidogo, mnyororo uliotandazwa hurudisha kidogo kuliko hata nguzo. Shimo halirudishi chochote. Kwa sensa, mtaro ni uwanja wazi.

Mtaani kwetu hakuna ukingo, kuna mtaro wa wazi. Naogopa tairi kuzama. (Sinza)

Unaogopa kitu cha kuogopwa. Ukingo ukiugusa unakuonya, mtaro hauonyi. Acha sentimita 50 kutoka mdomo wa mtaro, na zaidi kama mdomo ni wa udongo, kwa sababu gari huweza kusimama salama asubuhi na udongo ukamomonyoka mvua ikinyesha mchana.

Kabla ya kurudi, inamisha kioo cha kushoto mpaka uone tairi la nyuma na ardhi iliyo pembeni yake. Magari mengi yaliyotoka Japani yana swichi ya vioo kwenye mlango au karibu na usukani, kwa hiyo huna haja ya kumwinamia abiria. Ukimaliza kirudishe juu, ukisahau utaingia barabarani bila kuona kushoto. Na maji yakishafunika barabara na mtaro kwa pamoja, usipaki hapo. Hakuna ufundi unaoona chini ya maji ya tope.

Abiria wa kushoto ashuke kabla hujaingia. Si kwa ajili ya kukuelekeza, ni kwa sababu baadaye mlango wake utafungukia mtaroni.

Nikianza tu kurudi, daladala wananipigia honi, bodaboda wanapita huku na huku. Nachanganyikiwa naondoka. (Mbagala)

Anayekupigia honi mara nyingi hajui unataka nini. Mwambie mapema: indiketa ya kushoto mita 30 kabla, punguza mwendo taratibu, na ukisimama tu tia rivasi mara moja ili taa nyeupe za nyuma ziwake. Taa hizo zinasema zaidi ya honi. Hazadi usiziwashe wakati huo. Zinaficha indiketa, na aliye nyuma anadhani gari limeharibika.

Kama gari limekuja kukugandia nyuma kabla hujaanza, nafasi hiyo imekwenda. Zunguka mtaa, utarudi.

Bodaboda ni habari nyingine. Mkia ukiingia kushoto, pua inatoka kulia kuelekea barabarani, na hapo ndipo bodaboda anapopita. Tazama kulia kabla ya kila mzunguko wa usukani, si mara moja tu mwanzoni. Na kushoto geuza shingo kabisa: yupo atakayejipenyeza kati yako na ukingo, na kioo hakitamwonyesha.

Nyumbani Goba kuna mteremko mkali. Nielekeze matairi wapi?

Ukitazama chini, matairi yaelekee kushoto, ukingoni. Ukitazama juu na ukingo upo, yaelekee kulia, gari likiteleza tairi liegemee ukingo. Pasipo ukingo, kushoto kote kuwili, ila kama kushoto ni mtaro au korongo, tafuta mahali pengine. Otomatiki: kanyaga breki, weka N, vuta handibreki, achia breki gari likae juu ya handibreki, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote unaning'inia kwenye kipini kidogo ndani ya gia boksi, na ndiyo maana asubuhi inatoka kwa mshindo. Gari la klachi, liache kwenye gia namba moja ukitazama juu, rivasi ukitazama chini. Jiwe chini ya tairi halimdhalilishi mtu.

Nikafanyie mazoezi wapi bila kugonga gari la mtu? (Ubungo)

Uwanja wowote mgumu wenye ruhusa ya mwenyewe, na baadaye mitaa ya Posta Jumapili asubuhi, ambako kunakuwa kimya. Chukua ndoo nne za lita 20, zijaze mchanga, chomeka mpini wa fagio katika kila moja. Ndoo peke yake haitaonekana kwenye kioo cha nyuma, mpini utaonekana. Panga mbili mbele na mbili nyuma, hatua nane katikati. Ukiingia mara tano mfululizo bila kugusa, punguza nusu hatua. Dakika 40 kwa siku zinatosha. Shingo ikichoka, macho hayaangalii tena, yanakisia.

Naingia vizuri siku hizi, ila kutoka ndio kazi. Kuna mtu kanibana mbele. (Kinondoni)

Rudi nyuma kwanza mpaka karibu na gari la nyuma, sentimita 30 hivi. Nafasi yote uliyonayo ihamishie mbele. Indiketa ya kulia, tazama kioo kisha geuza shingo, gari likianza kutambaa kata usukani wote kulia. Pembe yako ya mbele kushoto ikiwa haitapita, simama kabla ya kugusa, kata kushoto, rudi kidogo, kisha kulia tena. Usinyooshe usukani mpaka mlango wako wa mbele kushoto umelivuka bampa lake, la sivyo ubavu utaburuzika kwenye kona yake.

Na siku nyingine, ukikuta nafasi tupu saa nne asubuhi Kariakoo, jiulize kwanza kwa nini iko tupu. Geti la mtu, kituo cha daladala, kona, pundamilia: hapo utatoka kirahisi sana, kwa sababu gari utalikuta limefungwa mnyororo na hutakuwa na haja ya kuhangaika na usukani.